Karakana ndani ya sanduku: somo la elektroniki kwa wanafunzi wa lugha

1. Jambo hili linatuhusu vipi?

Katika kitivo chetu, kazi nyingi za mwisho wa masomo zinategemea sauti iliyorekodiwa. Tunakwenda kwa wasemaji, tunawasikiliza, tunarekodi, tunarudi na faili. Kuanzia hapo tunajadili fonimu, silabi na toni kana kwamba sauti ile imetufikia yenyewe, bila waya wala betri. Kumbe kabla haijawa data ya isimu, sauti imekwisha kuwa umeme. Na umeme huo ukiharibika, hakuna nadharia itakayoutengeneza.

Tuchukue mfano. Umeme wa nyumbani nchini mwetu ni wa volti 220, nao hufanya mizunguko 50 kwa sekunde, yaani Hz 50. Kinasa sauti kilichounganishwa na chaja ya ukutani, au waya wa maikrofoni uliopita karibu na waya wa umeme, huweza kuokota mvumo wa mizunguko hiyo. Mvumo hauishii kwenye Hz 50. Huonekana pia kwenye Hz 100, 150, 200 na kuendelea. Sasa, nyuzi za sauti za mwanamume mzima kwa kawaida hutetema kati ya Hz 80 na 180 hivi. Maana yake ni kwamba mvumo umeketi mahali pale pale tunapotafuta toni. Mwishoni mwa sentensi, msemaji anaposhusha sauti, programu ya kupima toni inaweza kuiacha sauti yake na kufuata mvumo, ikachora mstari mnyoofu kwenye Hz 100. Mtafiti asiyejua umeme ataandika: "toni ya chini, tambarare". Lakini hapo aliyesema si msemaji, ni waya wa ukutani.

Katika lugha za toni, hilo si jambo dogo. Mfano unaojulikana sana, kutokana na maandishi ya John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Yakusu karibu na Kisangani, ni neno la Kilokele lisaka: kwa toni tofauti, herufi zile zile zamaanisha dimbwi, ahadi au sumu. Ahadi na sumu hazitenganishwi na konsonanti wala vokali, bali na kupanda na kushuka kwa sauti tu.

Makala haya yanaeleza namna ya kujenga nyumbani karakana ndogo ya elektroniki inayokaa ndani ya sanduku moja, inayobebeka, na isiyotegemea umeme wa ukutani wala intaneti. Ndani yake mtu ataweza kulehemu waya uliokatika, kujenga maikrofoni, kuandika programu ndogo, kupima mvumo na kuhifadhi rekodi. Mwishoni tutaonyesha kwamba kazi hiyo ina somo la pili, ambalo ni la fani yetu wenyewe: namna ya kuvipa vitu majina ili mtu mwingine aweze kuvitumia.

2. Masharti manne

Kabla ya kununua hata msumari, tuweke masharti ambayo sanduku litapimwa nayo.

Sharti la kwanza: libebwe na mtu mmoja, kwa mkono au nyuma ya pikipiki. Tuweke kikomo cha kilo 8: sanduku lenyewe kilo 2, betri kilo 2,5, kompyuta na skrini kilo 1, zana kilo 1,5, vipuri na nyaya kilo 1. Paneli ya jua hubebwa kando.

Sharti la pili: lijitosheleze kwa umeme. Lifanye kazi ya siku nzima hata jua lisipotoka na hata mgao wa umeme ukidumu.

Sharti la tatu: lijitosheleze kwa maarifa. Programu, maelezo ya vipuri na vitabu vya kujifunzia viwe vimekwisha kupakuliwa na kuwekwa ndani. Karakana inayosimama kila intaneti inapokosekana haijajitosheleza.

Sharti la nne: lieleweke na mtu wa pili. Mtu ambaye hakulijenga aweze kulifungua, kulitumia na kutafuta hitilafu bila kumwita aliyelijenga.

3. Hesabu ya umeme

Asiyepiga hesabu hununua betri kwa macho, na macho hudanganywa na ukubwa wa kasha. Kanuni tatu zinatutosha. Nguvu kwa wati ni volti mara ampea. Matumizi kwa wati-saa ni wati mara saa. Na kwa kikinza chochote, volti ni ampea mara omu. Kwa kuunganisha ya kwanza na ya tatu tunapata nyingine yenye faida: wati ni volti mara volti, kugawa kwa omu.

Tuorodheshe matumizi ya siku moja ya kazi:

Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4: wati 6 kwa saa 6 = wati-saa 36.
Skrini ya inchi 7: wati 4 kwa saa 6 = wati-saa 24.
Taa ya LED: wati 3 kwa saa 3 = wati-saa 9.
Chuma cha kulehemu: wati 20 kwa saa 1 = wati-saa 20.
Arduino Uno, kuchaji kinasa sauti na madogo mengine: wati-saa 8.

Jumla ni wati-saa 97. Lakini kila umeme unapobadilishwa kutoka volti hizi kwenda zile, sehemu yake hupotea kama joto. Tugawe jumla kwa 0,85 ili kufidia upotevu huo: tunapata wati-saa 114.

Wati 20 za chuma cha kulehemu zimetoka wapi? Viko vyuma vidogo vinavyotumia umeme wa betri moja kwa moja, ambavyo ncha yake ina ukinzani wa omu 8. Kwa betri ya volti 12,8, hesabu ni 12,8 mara 12,8, kugawa kwa 8: wati 20 na kidogo. Chuma kile kile kikipewa volti 24 kingetoa wati 72. Ndiyo sababu fundi mmoja hukisifu na mwingine hulalamika kwamba hakiyeyushi upesi: chuma ni kimoja, volti ndizo tofauti.

Sasa betri. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84 kwenye karatasi, lakini ikitumiwa zaidi ya nusu kila siku hufa mapema. Kwa hiyo tuhesabu wati-saa 42. Ina uzito wa zaidi ya kilo 2. Betri ya LiFePO4, yaani ya lithiamu, chuma na fosfati, ya volti 12,8 na ampea-saa 20, ina uzito unaokaribiana na huo, nayo ina wati-saa 256. Tukitumia asilimia 80 yake tunapata karibu wati-saa 205. Ukigawa 205 kwa 114 utapata karibu siku 1,8. Sharti la pili limetimia. Bei yake ni kubwa zaidi siku ya kununua, lakini huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi. Jambo moja la kukumbuka: aina hii haina kobalti ndani yake, tofauti na betri nyingi za simu. Nchi yetu ndiyo inayotoa kobalti kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na si vibaya mwanafunzi wa Kongo akijua ipo katika betri ipi na haipo katika ipi.

Paneli ya jua tuihesabu kwa saa 4 za jua kali kwa siku, na tukate asilimia 30 kwa vumbi, joto na mawingu. Paneli ya wati 50 itatoa 50 mara 4 mara 0,7, yaani wati-saa 140, ambazo zinazidi mahitaji ya siku. Ya wati 20 itatoa 56 tu, nusu ya mahitaji. Kati ya paneli na betri lazima pawe na kidhibiti chaji chenye mpangilio wa LiFePO4, ambao mwisho wake huwa volti 14,4. Kidhibiti kilichotengenezwa kwa betri za asidi peke yake kisitumike.

4. Njia ya umeme ndani ya sanduku

Kanuni ya kwanza iandikwe kwa herufi kubwa kwenye kifuniko: HAKUNA VOLTI 220 NDANI YA SANDUKU HILI. Ukitaka kuchaji kwa umeme wa ukutani, chaja ibaki nje na waya wa volti 12 ndio uingie. Kwa kanuni hiyo moja, anayejifunza anaweza kugusa, kufungua na kubadili bila hatari ya kuuawa na umeme.

Hata hivyo betri ndogo nayo ina hatari yake. Nguzo zake mbili zikigusana kwa chuma, mkondo mkubwa hupita ghafla, waya hugeuka mwekundu na plastiki huwaka. Kwa hiyo kitu cha kwanza baada ya nguzo chanya ni fyuzi, karibu iwezekanavyo na betri. Tuhesabu ukubwa wake: vifaa vyote vikiwaka pamoja vinatumia karibu wati 35, tukigawa kwa 12,8 tunapata ampea 2,7, tukiongeza upotevu tunafika ampea 3,2. Fyuzi ya ampea 5 inatosha, na waya wa milimita mraba 1,5 unaoubeba mkondo huo bila kupata moto unapatikana kwa muuza vifaa vya umeme yeyote. Fyuzi hulinda waya. Anayeifunga fyuzi iliyoungua kwa kipande cha waya amemfukuza mlinzi na kuuacha mlango wazi.

Baada ya fyuzi inafuata swichi, kisha njia inagawanyika matawi mawili. Tawi la volti 12 linakwenda kwenye chuma cha kulehemu na taa. Tawi la pili linapita kwenye kishusha volti, ambacho huzipunguza mpaka volti 5,1 kwa ajili ya kompyuta na skrini.

Kishusha volti kipo cha aina mbili. Cha zamani, kama kile cha nambari 7805, huzishusha volti kwa kuzigeuza joto. Kikipitisha ampea 1 kutoka volti 12,8 hadi 5, hutoa wati 5 za kazi na kupoteza wati 7,8. Kinapasha sanduku moto kuliko kinavyolihudumia. Cha aina ya pili hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, kisha huulainisha. Upotevu wake ni mdogo. Kwa Raspberry Pi 4, inayoweza kudai ampea 3, tuchukue cha ampea 5 ili kisifanye kazi kwenye kikomo chake. Kabla ya kukiunganisha na kompyuta, kipimwe kwanza kwa kipima umeme na kurekebishwa mpaka kisome 5,1. Hatua hiyo haichukui dakika moja, nayo huokoa kompyuta.

Lakini kwetu sisi wanaisimu, kukata na kuunganisha huko kuna gharama. Kishusha volti cha aina hiyo hurusha kelele za umeme ambazo waya wa maikrofoni huweza kuziokota kama mluzi au mchakato mwembamba. Kwa hiyo tuweke kanuni ya pili: wakati wa kurekodi, kinasa sauti kitumie betri zake chenyewe, na swichi kuu ya sanduku izimwe. Sanduku ni la kutengeneza na kuchunguza. Msemaji anapofungua kinywa, linyamaze.

5. Mpangilio

Mbao nyembamba za tripleksi zinafaa kuliko bati, kwa sababu hazipitishi umeme. Vipimo vya sentimita 45 kwa 32, kina sentimita 15, vinatosha.

Chini kabisa iwe betri, iliyofungwa kwa mkanda imara na nguzo zake kufunikwa. Kando yake kaa fyuzi, swichi na kishusha volti, vyote vikiwa vimekazwa kwa skrubu ili visitembee barabarani. Fyuzi iwe mahali ambapo mkono unaifikia bila kuondoa kitu kingine.

Juu yake iwe sinia ya mbao inayotoka. Humo kaa koleo, kikata waya, bisibisi, kipima umeme, lehemu, Arduino Uno na ubao wa majaribio, ule wenye matundu ambao vipuri huchomekwa bila kulehemu. Vikinza na kapasita vikae katika vikopo vidogo, kila kikopo na thamani yake.

Kwenye kifuniko iwe skrini, taa, na karatasi ya maelezo tutakayoizungumzia hapa chini.

Chuma cha kulehemu kitumike nje ya sanduku, juu ya kishikio chake, na kisirudishwe ndani mpaka kipoe. Lehemu ya bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183 za selsiasi. Chuma hupashwa mpaka 350 hivi. Kipashwe moto kiungo, kisha lehemu iguse kiungo, si chuma. Kiungo kizuri hung'aa na kukumbatia waya. Kibaya huwa tone la duara lililokaa juu tu. Kazi hii ifanyike penye hewa, na mikono ioshwe kabla ya kula, kwa kuwa risasi ni sumu.

Upande wa maarifa, kadi ya kumbukumbu ibebe mfumo wa kompyuta, programu ya Arduino, Praat, Audacity, maelezo ya vipuri yaliyotolewa na watengenezaji, na Kiwix, programu inayosoma Wikipedia bila intaneti. Rekodi ya kiwango cha Hz 44 100 na biti 16, chaneli moja, huchukua karibu MB 318 kwa saa. Kwa hiyo nafasi si tatizo. Tatizo ni kukata umeme ghafla, ambako huweza kuharibu kadi. Kompyuta izimwe kwa utaratibu kabla ya swichi kuguswa, na kila rekodi ikae mahali pawili tangu siku ile ile.

6. Zoezi la kwanza: maikrofoni na kapasita yake

Tujenge maikrofoni ndogo kwa kutumia kidonge cha elektreti, kile kidogo cha mviringo kilichomo ndani ya simu nyingi za zamani na redio za kaseti. Tunahitaji pia kikinza cha kilo-omu 2,2, kapasita ya mikrofaradi 10, na betri mbili ndogo za volti 1,5 zilizopangwa mfululizo, yaani volti 3.

Kidonge kina miguu miwili. Ule ulioungana na ganda la chuma uende kwenye hasi. Mwingine ndio mguu wa sauti. Kutoka chanya, kikinza kipeleke umeme kwenye mguu wa sauti. Kutoka mguu huo huo, kapasita ipeleke sauti kwenye kinasa sauti, upande wake wa chanya ukielekea kidonge. Kama kinasa sauti kina mpangilio wa kuipa maikrofoni umeme, uzimwe. Kazi ifanyike kwanza kwenye ubao wa majaribio. Ikikubali, ndipo ilehemiwe.

Kapasita inafanya nini? Umeme wa betri husimama upande mmoja, nayo huuzuia. Sauti hupanda na kushuka, nayo huipitisha. Lakini haipitishi yote sawa: chini ya kikomo fulani, kadiri sauti inavyokuwa nzito ndivyo inavyopungua. Kikomo hicho kwa Hz ni 1 kugawa kwa 6,28 mara omu mara faradi. Tuseme mlango wa kinasa sauti una kilo-omu 10. Kwa mikrofaradi 10, kikomo ni Hz 1,6. Kwa mikrofaradi 1, ni Hz 16. Kwa mikrofaradi 0,1, ni Hz 159.

Hapo ndipo mwanaisimu anapaswa kusimama. Kapasita ya 0,1 ni ya kawaida mno katika vikopo vya mafundi, na maikrofoni iliyojengwa nayo itasikika vizuri, pengine itasifiwa kuwa na sauti safi. Lakini sauti ya msingi ya mwanamume, yenye Hz 100, itapita kwa nusu tu ya kimo chake. Vokali zitasikika, toni itakuwa imedhoofishwa kabla ya kufika kwenye faili. Ukichagua ya mikrofaradi 10, kila kitu kinapita. Vipuri hivi viwili bei yake ni ndogo, lakini kimoja kinahifadhi toni na kingine kinaipunguza.

Baada ya kujenga, tupime. Rekodi dakika moja ya ukimya, ukiwa mbali na nyaya za ukutani na sanduku limezimwa. Kisha washa taa, kishusha volti, kompyuta, kimoja kimoja, ukirekodi dakika moja kila mara. Fungua faili katika Praat na uangalie spektrogramu. Mistari ya Hz 50, 100 na 150 inaonyesha umeme wa ukutani. Mistari mingine inayojitokeza kifaa fulani kinapowashwa ni ya kifaa hicho. Faili hizi za ukimya zihifadhiwe pamoja na rekodi za wasemaji: ndizo ushahidi kwamba toni tunayoiandika ni ya mtu.

7. Majina ya vitu

Sasa turudi katika fani yetu. Mafundi wengi wa miji yetu wamejifunza kazi kwa Kifaransa, kwa hiyo katika Kiswahili chao utasikia maneno yaliyotoka katika condensateur, résistance, fusible na courant. Vitabu vilivyoandikwa Tanzania vina maneno yake: kikinza, ukinzani, mkondo, chanya, hasi. Mwanafunzi anakaa kati ya hizo mbili. Aandike nini kwenye vikopo vyake?

Jibu rahisi ni kusema: tuchague neno "safi". Mimi napendekeza kipimo kingine. Jina linalofaa kwenye sanduku ni lile linalomwezesha mtu wa pili kufanya kazi. Kwa kipimo hicho, maneno ya asili na ya kukopa yote yanaweza kushinda au kushindwa.

Kikinza kinashinda, kwa sababu kinaeleza kazi yake: kitu kinachokinza. Anayejua kitenzi hicho amekwisha kuelewa nusu ya somo. Kishusha volti vivyo hivyo. Mkondo unasaidia pia, kwani anayeijua mito anaelewa mara moja kwamba njia ikiwa nyembamba mkondo hupungua. Lakini kipaza sauti, neno zuri lililoundwa ndani ya Kiswahili, linashindwa hapa: watu hulitumia kwa kifaa unachosemea na pia kwa kile kinachotoa sauti. Kwenye sanduku lenye matundu mawili, moja la kuingiza na moja la kutoa, jina hilo ni mtego. Maikrofoni na spika, ingawa ni ya kukopa, hayamchanganyi mtu. Na fyuzi ibaki fyuzi. Ukipenda, andika chini yake neno la fundi wa mtaa wako, kwa sababu ndilo utakalolihitaji dukani.

Ngeli nazo zinafanya kazi. Tuandike: "Angalia kikinza na fyuzi, ikiwa imeungua, badili." Kiambishi i- kinaonyesha fyuzi, si kikinza. Tukitaka kikinza, tutasema "kimeungua". Katika lugha isiyo na ngeli, sentensi hiyo ingehitaji kurudia jina. Kwetu, upatanisho wa kisarufi unakuwa sehemu ya maelezo ya kiufundi, na anayeukosea anaweza kumfanya mwenzake atoe kipuri kizima. Mara nyingi tunafundishwa upatanisho kama adabu ya lugha. Hapa unaonekana kama chombo cha kazi.

Maneno mengine yamesafiri njia ya kinyume. Koltani ni ufupisho wa majina mawili ya madini, kolumbiti na tantaliti, uliozoeleka katika eneo letu kabla ya kuenea duniani. Kutoka humo hupatikana tantali, inayotumika katika kapasita ndogo za simu na kompyuta. Kwa hiyo si kweli kwamba elektroniki ni jambo lililotoka nje na sisi kazi yetu ni kulitafsiri tu. Shaba ya nyaya, bati la lehemu na tantali ya kapasita hutoka pia katika ardhi yetu. Kilichokosekana si mali bali maelezo kwa lugha inayosemwa na wale wanaoichimba.

8. Jaribio la mtu wa pili

Karatasi ya kifuniko iwe na mambo matano: mchoro wa njia ya umeme kutoka betri hadi kifaa cha mwisho, thamani ya kila fyuzi na kila volti inayotarajiwa kila kituo, majina ya matundu, kanuni za hatari, na utaratibu wa kutafuta hitilafu, kuanzia betri kwenda mbele, hatua kwa hatua.

Kisha mpe mwenzako sanduku. Kabla ya hapo, toa fyuzi au legeza waya mmoja bila yeye kuona. Kaa kimya. Usimwonyeshe kwa kidole, usimsahihishe. Andika kila neno analouliza maana yake na kila mahali anaposita. Akipata hitilafu kwa kusoma karatasi peke yake, karatasi ni nzuri. Asipoipata, rekebisha karatasi kabla ya kumlaumu msomaji. Rudia na mtu mwingine, ikiwezekana asiye wa kitivo chetu: mwanafunzi wa sekondari, au fundi wa redio. Kwa njia hiyo msamiati unapimwa na kazi, badala ya kupimwa na wajumbe waliokaa mezani.

Pendekezo langu kwa wenzangu na kwa walimu wetu ni dogo. Kila kikundi cha utafiti kinachokwenda kurekodi kijenge sanduku moja, na karatasi za vifuniko zikusanywe na kulinganishwa kila mwaka. Wasemaji wengi tunaowarekodi ni wazee. Waya ukikatika siku ile, hatuna hakika ya kupata siku nyingine.

Maswali ya mazoezi

1. Kikundi chenu kitatumia kompyuta na skrini saa 9 kwa siku badala ya 6, bila kubadili kitu kingine. Betri iliyotajwa itadumu siku ngapi? Je, paneli ya wati 50 bado inatosha?

2. Mlango wa kinasa sauti una kilo-omu 2 badala ya 10. Tafuta kikomo cha kapasita ya mikrofaradi 1. Je, kinafaa kwa kuchunguza toni za sauti ya mwanamume?

3. Mwombe fundi wa mtaa wako akutajie vipuri kumi. Kwa kila jina, andika lilikotoka, ngeli yake katika usemi wake, na kama linaeleza kazi ya kipuri. Ni majina gani ungeyaweka kwenye sanduku, na kwa nini?